Je, wajua kwa nini Katiba inasema "kutakuwa na Rais" ilhali Rais yupo?

Fungua Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 33, usome maneno ya mwanzo kabisa: "Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano." Nenda ibara ya 62, utakuta kutakuwa na Bunge. Ukiyasoma maneno hayo hapa Dodoma, huku jengo la Bunge unaliona kwa macho yako, una haki ya kuuliza: kutakuwa lini?

Swali hilo mimi nililisikia kwanza kwa mzee mmoja, na hakuwa akiuliza habari za Katiba. Alikuwa akiuliza habari za paa. Wakati huo nilikuwa nachapa barua na mikataba kwenye steshenari moja karibu na soko la Majengo. Mzee aliingia na mkataba wa pango uliotafsiriwa kutoka Kiingereza, nikamwamkia, akauweka mezani na kidole juu ya mstari mmoja: "Mwenye nyumba atakarabati paa."

"Mwanangu," akasema, "hapa wameandika atakarabati. Atakarabati lini? Maana hata mimi nitajenga nyumba yangu, Mungu akipenda."

Nikatafuta mstari huohuo kwenye nakala ya Kiingereza. Neno lililokuwa pale ni shall.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba shall ni ndugu yake will, kwamba yote mawili ni wakati ujao, na kwamba "mimi" na "sisi" huchukua shall, wengine wote huchukua will. Kanuni hiyo ina umri mkubwa. John Wallis, Mwingereza aliyejulikana zaidi kwa hisabati, aliiandika katika kitabu chake cha sarufi mwaka 1653, na walimu wakairithishana karne baada ya karne. Leo Waingereza wenyewe wengi hawaifuati wanapozungumza, na Wamarekani ndio kabisa. Ila kanuni hiyo inaficha jambo kubwa zaidi: maneno hayo mawili hayakuzaliwa nyumba moja.

Will ilianza ikiwa na maana ya kutaka. Shall ilianza ikiwa na maana ya kudaiwa. Katika tafsiri ya Injili kwa Kiingereza cha kale, ya miaka elfu moja hivi iliyopita, Luka 16:5, yule wakili, yaani msimamizi wa mali, anapomwuliza mdeni anadaiwa kiasi gani na bwana wake, kitenzi kilichotumika ni babu yake shall. Kijerumani, ambacho ni jamaa wa karibu wa Kiingereza, bado kina neno Schuld la ukoo huohuo, nalo maana yake ni deni, na pia hatia. Kwa hiyo Mwingereza wa kale aliposema shall hakuwa anatabiri. Alikuwa anasema kuna deni shingoni mwa mtu.

Sasa tuje kwetu, na hapa ndipo mimi hunogewa. Kiambishi chetu -ta- kimetoka wapi? Wataalamu wa lugha wanakihusisha na kitenzi -taka. Huhitaji kwenda chuo kikuu kuona ushahidi wake. Simama stendi usikie, "Panda mama, gari linataka kuondoka." Tazama mawingu ya Desemba yakijikusanya, utamsikia jirani akisema mvua inataka kunyesha. Gari halina matakwa, wala mvua haina, lakini kutaka kumegeuka kuwa kukaribia kutokea, na kutokana na njia hiyohiyo tukapata "litaondoka" na "itanyesha". Kiswahili kilipita njia ileile ya will, bila kuambiwa na mtu.

Unaona basi kilichotokea watunga sheria walipotafsiri shall kwa -ta-. Neno lililotoka kwenye deni limevishwa kiambishi kilichotoka kwenye kutaka. Ndiyo maana mzee wangu alisoma ahadi mahali ambapo Kiingereza kiliandika wajibu.

Watafsiri wa Biblia waliliona jambo hili mapema. Amri ya sita katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 imejengwa kwa shall ya zamani, shalt. Kiswahili hakikusema "hutaua". Kilisema "Usiue." Neno moja, na hakuna mtoto wa shule ya Jumapili atakayeuliza ni lini. Ndivyo tufanyavyo pia Mwingereza anapotumia shall kuuliza: yeye akisema "Shall we go?" sisi twasema "Twende?" Hatusemi "Tutakwenda?", maana hilo ni swali jingine kabisa. Lugha yetu ina umbo lake la kuamuru na kuombana ridhaa, lile linaloishia na -e, nalo halihitaji kuazima wakati ujao.

Mbona basi sheria haikulitumia? Nadhani ni kwa sababu sheria haimwamuru mtu aliyesimama mbele yake. Inaweka utaratibu kwa watu wote, na "Kuwe na Rais" ingesikika kama ombi au dua. "Kutakuwa na Rais" ina uzito wa jiwe la msingi. Kwa Katiba, mimi naona -ta- inafaa, mradi msomaji ameambiwa aisome vipi.

Na kweli ameambiwa, ila mahali ambapo wachache hufika. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1 ya sheria zetu, kifungu cha 53, inasema kwamba may inapompa mtu mamlaka, ana hiari ya kuyatumia au kuyaacha, na shall inapompa mtu jukumu, jukumu hilo ni lazima litekelezwe. Hata hivyo Mahakama ya Rufani imewahi kueleza kwamba katika mwenendo wa kesi za jinai shall si lazima isiyopinda kila mara. Kiingereza chenyewe kimechoka na neno hili: Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 ilipendelea must, yaani "lazima", na Marekani ilipoandika upya kanuni za madai za mahakama zake za shirikisho mwaka 2007, shall iliondolewa.

Kwetu jambo hili si la wasomi peke yao. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria za Tanzania, na shall nyingi sana zinapaswa kuhamia kwetu. Kila moja inampa mtafsiri chaguo: -ta-, au "lazima", au "sharti", au "anawajibika", au "hana budi". Natamani achague akimkumbuka mtu wa kawaida atakayeshika karatasi ile bila wakili pembeni.

Yule mzee sikumpa historia yote hii. Nilimwambia tu kwamba Kiingereza kilimaanisha deni. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi liandike deni." Mwenye nyumba alikubali kubadilisha mstari, nikauchapa upya mzee akiwa amesimama nyuma yangu: "Mwenye nyumba anawajibika kukarabati paa kabla ya tarehe 30 Novemba." Mvua za Dodoma huanza Desemba.