Msaidizi wa utafiti wa watoto wachanga si yaya

Ukisema unajitolea kwenye maabara ya chuo inayochunguza ukuaji wa watoto wachanga, utaulizwa: "Kwa hiyo kazi yako ni kubembeleza watoto?" Hata miongoni mwa wanafunzi wanaoomba nafasi hizi, wapo wanaokuja na picha hiyo. Kumbe mtoto huwa amekaa mapajani mwa mzazi wake, nawe umejificha nyuma ya pazia.

Chukua jaribio la mwanasaikolojia Karen Wynn la mwaka 1992. Watoto wa miezi 5 walionyeshwa mwanasesere mmoja kwenye jukwaa dogo, akafichwa kwa kizuizi, kisha wakaona mkono ukipeleka wa pili nyuma yake. Kizuizi kiliposhushwa wakamkuta mmoja tu, walikodoa macho kwa muda mrefu kuliko walipowakuta wawili, dalili kwamba walitarajia wawili. Matokeo yote yamesimama juu ya sekunde hizo za kukodoa, na lazima mtu azihesabu.

Mtu huyo mara nyingi ni mwanafunzi wa kujitolea. Anatazama macho ya mtoto tu: akiangalia, anabonyeza kitufe, akigeuka, anaachia. Haonyeshwi kilichopo jukwaani, asije akahesabu anachotamani kukiona. Mwenzake anampima mtoto yuleyule kivyake kwa kutazama video, kisha hesabu zao zinalinganishwa.

Muda uliobaki ni kupigia wazazi simu, kupanga miadi isiyogongana na usingizi wa mtoto, na kufuta midoli kwa dawa. Na mtoto akiangua kilio, anayembembeleza ni mama yake.