Historia ya ukoo kwenye kompyuta: anza na aliyesimulia

Wengi wanaotuuliza namna ya kuhifadhi historia ya ukoo huja wameshachora mti: babu juu, wajukuu chini. Ukiuliza jina la bibi fulani limetoka wapi, unajibiwa, "Tuliambiwa." Na nani, lini? Hapo kimya.

Kwenye Gramps, programu ya bure inayofanya kazi bila intaneti, chanzo cha habari kina rekodi yake. Mazungumzo na shangazi yanaandikwa mara moja: nani alisimulia, wapi, lini, na sauti imehifadhiwa faili gani. Kisha kila jambo alilosema, la kuzaliwa, ndoa au kuhama, linaunganishwa na rekodi hiyo. Ikija kujulikana kwamba alichanganya watu wawili, unafungua chanzo hicho na kuona kila mahali maneno yake yalikofika. Unaweza pia kukipa kila chanzo kiwango cha kuaminika. Cheti cha kuzaliwa kilichotolewa mwenyewe akiwa mtu mzima mimi hukipa kiwango cha chini, hata kiwe na mhuri, kwa sababu tarehe yake huenda ilikadiriwa mezani.

Taabu kubwa ni majina. Programu za nasaba zilibuniwa na watu wanaorithi jina moja la ukoo. Kwetu Juma Ali Hamisi anamzaa Ali Juma Ali. Ukilijaza jina la tatu kwenye nafasi ya ukoo, baba anaangukia kwa akina Hamisi na mwana kwa akina Ali. Gramps inakuruhusu kuonyesha kwamba jina hilo ni la baba au babu tu, si la ukoo, tena humpa kila mtu namba, kama I0001. Itumie namba hiyo kwenye daftari na kwenye majina ya picha, maana akina Juma Ali ni wengi. Jina la ubatizo, la utani na "Mama Asha" yote yaingie kama majina mengine ya mtu yuleyule.

Msimulizi akisema "kaka yangu", muulize kama ni wa tumbo moja au ni mtoto wa baba mkubwa kabla hujamuunganisha na wazazi.

Tarehe usiipambe. "Alizaliwa wakati wa Maji Maji" iandikwe kati ya 1905 na 1907, na maneno yenyewe yabaki kwenye maelezo. Ukiweka Januari 1 ili kujaza nafasi, mjukuu ataisherehekea. Tarehe za Hijria ziingize kama zilivyo, kwa kuwa programu inaikubali kalenda ya Kiislamu. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, hivyo marehemu aliyehesabiwa miaka 66 ya Hijria aliishi takriban 64 ya Miladia.

Nakala moja iwe kwenye flashi, nyingine nyumba tofauti. Ndugu anayetumia programu nyingine mpe faili la GEDCOM, muundo unaosomwa na programu nyingi za nasaba, ila picha na sauti zipeleke kando, kwani kwa kawaida hazimo ndani yake. Kabla ya kulitoa, chagua kuwaondoa walio hai. Nani alizaliwa nje ya ndoa si habari ya kutupwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo huku wahusika wamo humo wanasoma.