Kiungo cha matokeo hakitungwi pale unapotafuta

Waendeshaji wengi wa tovuti huamini kwamba mtu akiandika neno kwenye kisanduku cha kutafutia cha tovuti, injini ya utafutaji hupekua kurasa zote za tovuti hiyo papo hapo na kuleta anwani zake za sasa. Kiungo kikifungua ukurasa wa kosa la 404, yaani ukurasa haupatikani, basi injini ndiyo mbovu.

Imani hiyo inaeleweka, maana majibu huja kufumba na kufumbua. Lakini kwa injini nyingi kasi hiyo hutokana na kazi iliyofanywa mapema: zilishapitia kurasa, zikahifadhi maneno na anwani kwenye faharasa. Ukitafuta, kinachosomwa ni faharasa hiyo. Kwa hiyo tovuti ikijaribiwa kwenye anwani ya localhost, yaani ndani ya kompyuta ya mtengenezaji mwenyewe, kisha ikawekwa hewani, matokeo huweza kuendelea kuonyesha anwani ya zamani mpaka urekebishe anwani ya msingi ya tovuti kwenye mipangilio na kuijenga faharasa upya. Hatua hii ya pili ni rahisi kuisahau, na inaniuma kuona msomaji akigonga mwamba ilhali ukurasa anaoutaka upo.

Kuhakiki hakuhitaji utaalamu. Kwenye kompyuta, weka kishale cha kipanya juu ya kiungo bila kubonyeza. Kwa kawaida kivinjari huonyesha anwani yake chini pembeni. Ilinganishe na ya ukurasa uleule ulioufikia kupitia menyu. Zikitofautiana, anza na mipangilio. Anwani za zamani zilizokuwa hewani ziwekee uelekezaji wa kudumu, yaani msimbo 301 unaompeleka msomaji kwenye anwani mpya, ili viungo vilivyokwisha kusambaa navyo vifike.