Kizuizi cha chuma hakichagui pikipiki
Wengi Uingereza huamini kwamba njia ya waenda kwa miguu na baiskeli ikisumbuliwa na pikipiki, dawa ni kufunga kizuizi cha chuma penye kiingilio. Sivyo. Usukani wa pikipiki nyingi za matopeni una upana wa karibu sentimita 80, na kiti cha magurudumu cha umeme kinaweza kufika hapo hapo. Pengo linalozuia kimoja huzuia na kingine. Ila kijana mwenye pikipiki huilaza upande, akaipenyeza kidogo kidogo, au akapita palipotoboka ua. Mama mwenye baiskeli ya magurudumu matatu hana njia hiyo. Anageuza, anarudi kwenye barabara ya malori. Hilo linaniuma.

Mwongozo wa serikali wa 2020 wa usanifu wa njia za baiskeli kwa England, LTN 1/20, unataka nguzo za kiingilioni ziachane angalau mita 1.5, kwa sababu baiskeli inayotumika kama kipimo cha usanifu ina upana wa mita 1.2. Nafasi hiyo bado inazuia gari. Pikipiki ni kazi ya polisi. Mimi ningeanza kung'oa vizuizi vilivyo karibu na shule na zahanati.