Sikio limezima ghafla, wewe uko maabara?

Ninaowaona kliniki ya masikio hufanana. Sikio linang'aa mafuta ya nazi, mkononi karatasi ya maabara. "Nimeshapima damu, sista, kipimo cha CRP kiko sawa." Lilizima lini? "Sasa yapata miezi miwili."

Kuzima ghafla ndiyo nini?
Usikivu kupotea ndani ya siku 3, kwa kawaida sikio moja, kwa hitilafu ya sikio la ndani au neva yake. Wengi huamka tu, wakiweka simu upande ule hawasikii kitu. Wengine hupata mlio au kizunguzungu.

Si nta tu?
Huenda. Nani amekuchungulia? Funga mdomo, vuma "mmm". Mvumo ukisikika zaidi kwenye sikio bovu, pengine limeziba. Ukihamia lile lisilo na shida, tunashuku neva. Lolote utakalosikia, njoo leo.

Mafuta ya vuguvugu na kitunguu saumu je?
Hapana. Sikio la ndani liko nyuma ya ngoma, mafuta hayafiki huko. Vijiti vya pamba navyo viache.

Vipimo vya damu vinaonyesha kama nitapona?
CRP na ESR ni vipimo vya damu vinavyopanda mwili ukipambana na jambo popote, hata jino lililotunga usaha. Kuna pia uwiano wa aina mbili za chembe nyeupe za damu, nyutrofili na limfosaiti: nyutrofili 6 ukigawa kwa limfosaiti 2, unapata 3. Tafiti kadhaa zimekuta wenye uwiano mkubwa hupona kwa shida zaidi. Lakini hiyo ni picha ya kundi, haikutabirii wewe. Isitoshe, prednisoloni, dawa ya steroidi tunayotibia sikio hili, yenyewe hupandisha nyutrofili, kwa hiyo ukipima baada ya kuanza vidonge namba inadanganya. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa 2019 unakataza kupima damu kimazoea kwa tatizo hili. Kinachotakiwa ni kipimo cha usikivu.

Kwa hiyo majibu yakiwa mazuri nisubiri?
Hapana! CRP nzuri haisemi lolote kuhusu neva ya sikio.

Na yakiwa mabaya, nianze na antibiotiki za duka la dawa?
Hapana tena. Njoo.

Haraka ya nini? Jirani yangu alipona bila dawa.
Wapo wanaopona wenyewe, ila hatujui mapema ni nani. Prednisoloni huanzwa siku za mwanzo, ndani ya wiki 2. Asiyepona huchomwa dawa kupitia ngoma ya sikio, kati ya wiki ya 2 na ya 6. Usijinunulie: mwenye kisukari, presha au vidonda vya tumbo aseme kwanza, maana sukari hupanda kweli. Uso ukipinda au mkono ukilegea, usije kliniki, kimbilia mapokezi ya dharura saa hiyo hiyo.

Miezi imeshapita. Nisije?
Njoo. Tutapima usikivu, na huenda kifaa cha kusaidia kusikia kikakufaa. Ila zile wiki za mwanzo sina pa kukurudishia.