Moto huua kuvu, hauui sumu yake

Kwenye masoko ya Kampala, ukimwonyesha muuzaji karanga zilizoota ukungu, mara nyingi utajibiwa: hazina neno, moto utamaliza kila kitu. Nusu yake ni kweli. Moto huua kuvu. Sumu ambayo kuvu imekwisha kuiacha ndani ya punje, yaani sumukuvu, ni jambo jingine: aflatoksini, sumukuvu ya karanga na mahindi, huvunjika kwenye joto linalozidi nyuzi 200, na maji huchemka kwa 100. Mchuzi wa karanga wa kulia matoke, hata utokote hadi jioni, haufiki huko. Kukaanga hupunguza kiasi fulani, lakini hakumalizi.

Macho nayo hayatoshi, maana punje safi yaweza kuwa na sumu. (Kuchambua zilizosinyaa kunasaidia sana, hata hivyo, mama zetu hawakukosea.) Kiwango cha juu cha aflatoksini kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa muda mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumu hizi.

Kazi hufanyika kabla ya jiko: anika juu ya turubai, si udongoni, na usijaze gunia mahindi yangali na unyevu.