Je, Wajua kwa Nini Riwaya Tangulizi Huwagawanya Wasomaji?

Mfululizo wa riwaya za kubuni za kisayansi ukipendwa sana, ni nadra uachwe ukomee pale mwandishi alipoukomesha. Miaka hupita, kisha hutoka riwaya tangulizi, yaani kitabu kilichoandikwa baadaye lakini kinachosimulia mambo yaliyotokea kabla ya yale ya kitabu cha kwanza: utoto wa shujaa, ujana wa dhalimu, au vita vya kale ambavyo awali vilitajwa kwa mistari michache tu. Msomaji mmoja atakwambia kuwa kitabu hicho ndicho kilichomtia hamu ya kuusoma mfululizo mzima. Mwingine, aliyesoma kurasa zilezile, atakwambia afadhali kisingeandikwa. Tofauti hiyo hutoka wapi?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba msomaji tayari anajua mwisho, kwa hiyo hamu inamwishia. Jibu hilo halitoshi. Waswahili wamesikiliza kisa cha Fumo Liyongo vizazi na vizazi, huku kila msikilizaji akijua fika kwamba shujaa atadungwa sindano ya shaba kitovuni na kwamba mkono utakaoishika sindano hiyo ni wa mwanawe mwenyewe. Hakuna aliyewahi kuondoka barazani kwa sababu hiyo. Anayejua mwisho huacha kuuliza nini kitatokea, akaanza kuuliza imekuwaje mpaka yakafika hapo, na swali hili la pili huweza kumshika mtu kuliko la kwanza.

Kiini cha mgawanyiko ni kile ambacho msomaji alikwisha kujijazia mwenyewe kabla kitabu hakijatoka. Chukua mfano wa Dune, riwaya ya Frank Herbert iliyochapishwa mwaka 1965. Ndani yake vinatajwa vita vya kale viitwavyo Butlerian Jihad, ambapo wanadamu waliteketeza mashine zenye kufikiri, wakaweka amri kwamba isitengenezwe tena mashine yenye mfano wa akili ya mtu. Herbert aligusia vita hivyo katika mazungumzo na katika ufafanuzi wa maneno ulio mwishoni mwa kitabu, akapita. Alifariki mwaka 1986 akiwa ameandika riwaya sita za mfululizo huo bila kuvisimulia. Mwanawe, Brian Herbert, akishirikiana na Kevin J. Anderson, ndiye aliyevisimulia katika juzuu tatu zilizotoka kati ya mwaka 2002 na 2004. Msomaji wa tangu miaka ya sitini alikuwa ameishi na vita hivyo kichwani kwa zaidi ya miaka 30, akiwapa mashine sura alizozitaka na mashujaa sauti alizozipenda. Ni vigumu kuona ni juzuu gani ingeweza kushindana na hayo.

Hapa Nairobi jambo hili huonekana wazi kuliko mahali ambapo vitabu hununuliwa vipya na kwa mpangilio. Wapenzi wengi wa bunilizi za kisayansi jijini hupata vitabu vyao kwa wauzaji wa "inama", wanaovipanga juu ya turubai kando ya Barabara ya Tom Mboya na katika vichochoro vinavyoelekea River Road, riwaya ya mapenzi ikiwa imebanwa kati ya kitabu cha uhasibu na Biblia. Muuzaji hana juzuu ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ana kile kilichokuja ndani ya robota la mitumba. Ukimwulizia Dune, atakujibu, "Hiyo sina, mkubwa, lakini niko na hii nyingine ya watu hao hao," na kukupa House Atreides, riwaya tangulizi ya mwaka 1999, jalada limekunjika pembe na ukurasa wa kwanza una mhuri wa maktaba ya ng'ambo. Bei ni maelewano.

Basi msomaji huyo huanza na kilichoandikwa baadaye, mara nyingi bila hata kujua. Kwake House Atreides ni riwaya ya hila na mikasa isiyodaiwa na mtu. Anamfuata mtoto Duncan Idaho akiwindwa na watu wa ukoo katili wa Harkonnen kama mnyama wa porini, anaona mvulana akitumia akili kuwashinda watu wazima wenye silaha, naye hana sababu yoyote ya kununa. Maoni yake kuhusu kitabu ni mazuri, na ni ya kweli.

Hata hivyo, kuna kitu alichonyang'anywa. Katika Dune, shujaa Paul na mamake, Jessica, wanakimbilia jangwani usiku na kujificha ndani ya hema dogo, na humo Paul anamfunulia mamake jambo ambalo hata mama mwenyewe hakulijua: kwamba baba mzazi wa Jessica ni Baroni Harkonnen, adui yule yule aliyetoka kuiangamiza nyumba yao. Ukurasa huo hugeuza maana ya uhasama wote uliotangulia. Aliyeanza na riwaya tangulizi anafika hemani akiwa na siri hiyo mkononi, kwa sababu alikwisha kusimuliwa hata jinsi mimba yenyewe ilivyopatikana. Anasoma mshtuko wa Jessica kama mtu anayesubiri wenzake wamalize kusoma barua aliyoifungua jana.

Aliyeanza na Dune naye ana malalamiko yake, tena ya haki. Unene wa Baroni, ambaye mwili wake hubebwa na vifaa vya kupunguza uzito, ulikuwa kwa wasomaji wengi alama ya mtu asiyejinyima chochote. Riwaya tangulizi zikaja na maelezo mapya: ni ugonjwa, na aliambukizwa kwa kisasi. Kilichokuwa tabia kikawa cheti cha daktari. Kwa maoni yangu, hapo waandishi walimpunguza Baroni badala ya kumwongeza.

Wapo wanaosema kosa ni la mkono wa pili, kwamba mfululizo ungeendelezwa na mwenyewe pasingekuwa na ubishi. Kazi ya Suzanne Collins inaonyesha vinginevyo. Mfululizo wake wa The Hunger Games, kuhusu taifa la Panem ambamo watoto hutolewa kila mwaka wauane mbele ya kamera, ulitoka kati ya mwaka 2008 na 2010. Mwaka 2020 alitoa The Ballad of Songbirds and Snakes, inayorudi nyuma miaka 64 hadi siku ambazo Rais Snow, dhalimu wa mfululizo huo, alikuwa kijana wa miaka 18 mwenye njaa na majivuno. Baadhi ya wasomaji walilalamika hata kabla ya kitabu kutoka: kwa nini tuombwe kukaa ndani ya kichwa cha mtu huyu? Wengine waliona kuwa hapo hasa ndipo penye thamani. Na hata miongoni mwa walioipenda, wapo walioguna kuona kila kitu kikitafutiwa asili, hadi wimbo wa mti wa kunyongea ambao Katniss, shujaa wa mfululizo, aliurithi kwa babake. Ulimwengu mkubwa huanza kufanana na ukoo mmoja.

Miaka mitano baadaye Collins alifanya jambo la werevu zaidi. Sunrise on the Reaping, ya mwaka 2025, inasimulia michezo ya 50 ya kuuana huko, ile ambayo Haymitch, mlezi wa Katniss na mwenzake Peeta katika mfululizo, aliibuka mshindi. Wasomaji walikwisha kuiona michezo hiyo katika kitabu cha pili cha mfululizo, pale Katniss na Peeta wanapotazama kanda yake. Collins alirudi mahali ambapo hapakuwa na pengo lolote, akaonyesha kwamba kanda ile ilikatwa na kuungwa na wenye mamlaka. (Mkazi wa Nairobi aliyewahi kusikia yaliyotokea mtaani kwake yakisimuliwa kivingine kabisa katika habari za jioni hahitaji kuelezwa ladha ya jambo hilo.) Safari hii msomaji wa zamani ndiye anayefaidi, kwani anagundua kuwa yeye pia alidanganywa, ilhali msomaji mpya hana cha kugundua.

Kuna tatizo jingine, ambalo bunilizi za kisayansi hukutana nalo kuliko riwaya nyingine: teknolojia ya kweli haimsubiri mwandishi. Katika Foundation ya Isaac Asimov, iliyotoka kama kitabu mwaka 1951, mzee Hari Seldon, mwanahisabati anayetabiri kuanguka kwa himaya ya nyota, anachomoa kikokotoo kutoka kwenye kifuko kilicho mshipini, nacho kinang'aa alama nyekundu. Kwa msomaji wa wakati huo kilikuwa kitu cha ajabu. Leo mama mboga wa Gikomba ana chenye uwezo zaidi ndani ya simu yake. Asimov aliporudi mwaka 1988 na Prelude to Foundation, kumsimulia Seldon huyo akiwa na miaka 32, ulimwengu ulikwisha kuzoea kompyuta, na mwandishi asingeweza kuandika kana kwamba hajaziona. Hivyo ujana wa Seldon una harufu ya usasa kuliko uzee wake. Wapo wanaokerwa na hilo kila ukurasa. Mimi hunisumbua kidogo tu.

Kinachonisumbua zaidi ni mpangilio. Mwanzoni mwa riwaya hiyo Asimov aliorodhesha vitabu vyake 14 kwa kufuata wakati wa matukio, Prelude ikitangulia Foundation, akaeleza kuwa havikuandikwa kwa mpangilio ambao labda ndio unaofaa kusomwa. Mimi simfuati. Seldon anapaswa kukutana na msomaji akiwa mzee anayekaribia kufa, mwenye mpango utakaoishi kuliko yeye. Ukimjua kwanza akiwa kijana anayekimbia huku na huko asijue la kufanya, ule mzigo wa mpango wake hupungua. Kwa hiyo fuata mwaka wa kuchapishwa. Na ikiwa muuzaji wa Tom Mboya ana riwaya tangulizi pekee, inunue hiyo hiyo, kwa sababu kesho haitakuwapo, kisha uiweke rafuni mpaka ya kwanza ipatikane.